Mafuta Yangu kwenye Bunduki ya Simoni

Jumatatu, 3 Machi 2025
Nguruwe pori tena, alfajiri, kwenye karanga. Simoni amepiga mara moja, akataka kuweka risasi nyingine — ganda la kwanza limeng'ang'ania ndani! Amevuta kwa kucha, amesukuma kwa ufito kutoka mdomoni mwa bunduki, wapi. Nguruwe wanakula, mume wangu anahangaika na ufito. Kesho anaipeleka Mwankoko kwa Winfrida, binti wa marehemu fundi Paulo, aliyerithi karakana. Mwanamke anatengeneza bunduki!

Jumanne, 4 Machi
Amerudi anapiga mluzi. Simoni, mluzi! Eti chemba, pale risasi inapokaa, ilikuwa imebana kwa uchafu wa miaka, na Winfrida ameisugua mpaka inang'aa. Winfrida kasema hivi, Winfrida kasema vile. Amempa na kichupa cha mafuta ya bunduki, apake kila jioni. Kimezungushiwa kipande cha kanga ya kijani. Kanga ya nani kama si yake? Nimekinusa. Nina wivu, ndiyo. Hapa naandika peke yangu, nimdanganye nani.

Alhamisi, 6 Machi
Mafuta ya Winfrida nimeyamwaga kwenye bawaba za mlango wa choo. Mlango haulii tena, hilo siwezi kulikataa. Kichupani nimetia alizeti yangu — nimelima mwenyewe, nimepepeta mwenyewe, nimekwenda kukamulisha Ilongero. Rangi hazipishani sana. Mafuta ni mafuta! Jioni Simoni alikaa kibarazani akaipaka bunduki taratibu, huku anaimba wimbo wa kwaya. Moyo wangu umetulia.

Jumanne, 18 Machi
Ganda limekwama tena. Mbio Mwankoko. Na amevaa shati la Jumapili.

Jumatano, 19 Machi
Jirani yangu Redempta amecheka sana: bunduki gani hiyo inaugua kuliko mtoto mchanga? Akaongeza kwamba dalili ya mvua ni mawingu, akaenda zake, akaniacha na mawingu yangu. Ugali wa jioni umekuwa na mabuje. Simoni ameula bila neno. Mtu asiye na hatia angelalamika.

Jumamosi, 29 Machi
Nguruwe dume amemchana Simoni mguu! Alimkosa kwa risasi ya kwanza, ganda likagoma kutoka, dume akageuka. Nililia, nikakimbilia maji ya moto. Kumbe yeye tayari yuko kwenye bodaboda, damu inachuruzika, na bunduki ameipakata.

Amerudi jioni, ameshonwa hospitali. Bandeji nyeupe — na juu yake kitambaa cha kanga ya kijani! Eti bandeji ilikuwa inafunguka, Winfrida akaifunga alipopita kumwachia bunduki. Yaani amemshika mguu! Nimemwambia siku ya kuifuata tunakwenda wote. Amesema sawa, mama Dina. Hivyo tu.

Jumatano, 2 Aprili
Mwankoko. Naandikia kwenye benchi, nje ya karakana. Nimesema nahitaji hewa.

Ni mzuri, huyu. Mikono myeusi kwa grisi, lakini ni mzuri. Ameniamkia, shikamoo dada, akanipa kiti chake. Ukutani nimeona kichupa cha kila mteja kimefungwa kipande cha kanga ile ile ya kijani. Anawachania watu wote! Nikaanza kujisikia mjinga.

Kisha akaingiza kidole kwenye chemba, kikatoka kinanata. Amesema haelewi, anasafisha na uchafu unarudi, na mafuta aliyotoa yeye hayagandi hivi. Hiki kinachonata kinafanana na kinachoganda kwenye kikaango. Akaomba kichupa. Simoni akakitoa mfukoni. Winfrida akadondosha tone kiganjani, akanusa, akaonja.

"Kaka Simoni, haya ni ya kupikia. Bunduki ikipata moto yanaganda, ganda haliwezi kutoka. Nani ameyabadilisha?"

Hapo ndipo nilipotoka.

Mguu ule ni mimi. Si dume, si Winfrida. Safari zote za Mwankoko nimemtuma mimi mwenyewe, kwa alizeti yangu. Naona aibu mpaka masikio yanawaka. Na bado, Mungu anisamehe, nina wivu kwamba yeye ndiye aliyeyaonja.

Tangu mtoto azaliwe Simoni ananiita mama Dina, hata akikasirika. Sasa fimbo yake inagonga sakafu, anakuja mlangoni, anachechemea.

"Severina."