Mama Anataka wa Kumbishia

Iisalmi, Finland
9 Machi

Mpendwa mdogo wangu Ilpo,

Hujambo huko Brisbane? Mkeo na watoto ni wazima? Sisi tumo. Theluji bado imetufika dirishani, lakini tunapumua na tunashukuru.

Nakuandikia kwa ajili ya Mama. Usishtuke, yuko hai. Soma kwanza.

Ile spika inayozungumza uliyomtumia baada ya kumzika Baba, ameizoea kuliko nilivyotarajia. Akiamka huisalimu, huiuliza hali ya hewa, na huisimulia habari za majirani huku akioka mikate ya iliki. Mimi nikatulia, nikadhani amepata wa kuzungumza naye. Kumbe sivyo.

Mwezi uliopita daktari alimwambia vali moja ya moyo imechoka, lazima apasuliwe. Mimi hakuniambia. Aliiambia spika: "Sipasuliwi. Chumvi niliyokula inatosha, nitakufa na kifua changu kizima." Ikamjibu kwa upole kwamba uamuzi ni wake, na kwamba inaheshimu hisia zake.

Basi akaja kwangu kwa miguu, juu ya barafu, kichwa wazi. Nilidhani nyumba imeungua.

"Haikunikataza!" alisema, hata viatu hajavua. "Naiambia nataka kufa, inaniheshimu!"

"Kufa? Mama, unasema nini?"

Akanieleza. Ilpo, nilipandwa na hasira ambazo sikujua ninazo. "Utapasuliwa! Hata nikubebe mgongoni, utapasuliwa!"

"Nani amekupa amri juu ya moyo wangu, we mtoto?"

"Nimejipa mwenyewe!"

Tulipigiana kelele mpaka mume wangu Jorma akatoka sauna mbio, taulo mkononi. Mara Mama akaketi palepale mlangoni, akalia. "Baba yenu angenifokea hivyohivyo," alisema. "Maisha yetu yote hatukupatana hata juu ya namna ya kupika uji. Sasa kila nikisema neno, nyumba inaniitikia. Marjut, inatisha."

Basi akakubali. Alipasuliwa Jumanne, akatoka salama. Bado ni dhaifu, na sauti yake imekuwa nyembamba kama uzi. Nilipomfunika blanketi alidai nimeligeuza upande. Nikamwambia liko sawasawa. Tukashindana kidogo, na uso wake ukapata rangi.

Sasa nisikie, mdogo wangu. Wewe ukimpigia husema "ndiyo Mama, sawa Mama," ili simu iishe kwa amani. Najua ni heshima, na najua umbali unavyomfanya mtu aogope maneno. Lakini amani hiyo anayo tele. Mpigie Jumapili. Akikuambia hataki mazoezi ya kutembea, na atakuambia, mkatalie. Akikata simu, piga tena.

Jorma anakusalimu sana, na shangazi Kyllikki anawaombea. Mola awahifadhi nyote, awape masikio ya kusikilizana.

Mimi dada yako nikupendaye, hata nikikugombeza,
Marjut