Naenda Kurudisha Funguo za Basi

Boram mwanangu,

Supu ya mwani iko jikoni, ipashe moto. Mama akirudi kutoka sokoni mwambie asininunulie tena dawa ya matone ya macho. Haisaidii kitu.

Naenda kurudisha funguo za basi. Alfajiri ya leo nilimpita bibi mmoja kituoni akinipungia mkono. Sikumwona kabisa. Taa zote zilikuwa zimetawanyika, kama mtu kapaka mafuta kwenye kioo. Abiria wakapiga kelele, "Dereva, umelala?" Nikasimamisha basi mbele kidogo. Bibi akapanda akihema, akasema, "Samahani mwanangu, labda mimi ndiye mfupi sana." Hapo ndipo nilipoamua kuacha udereva.

Daktari bado anasema nisubiri, macho yatatulia. Nimesubiri tangu theluji ya kwanza, na sasa miti ya cheri imeshapukutisha maua.

Wewe ndiye uliyenishawishi nifanyiwe upasuaji wa macho kwa leza. "Baba, ukitupa miwani utaonekana kijana!" Sikulaumu. Leo tu nimekasirika kidogo.

Ulikuwa umelala, sikutaka kukuamsha.

~~Jioni nitachelewa kama kawaida.~~ Kuanzia leo nitakuwa nyumbani kila jioni.

Baba