Daftari la Kahawia Ulilotuachia, Mjomba

Mwaka umetimia, Mjomba, tangu ututoke. Makoti yako tuligawana, vitabu vyako chuo kilivichukua. Daftari la kahawia mkeo alilificha kwenye pipa la unga, na leo tunakwambia kwa nini.

Wasiokujua wajue. Uliwafundisha vijana kazi ya kukaa na watu, kuwatazama wanavyoishi na kuandika walichokiona. Wanaoanza hukuwafungia darasani. Uliwapeleka kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara, wawili wawili, ukawanyang'anya kalamu mlangoni.

Kinyozi alikuja kwako mbio. "Mwalimu, watoto wako wananikodolea macho tu. Wateja wananiuliza kama ni watu wa kodi!"

"Umewapa ufagio?"

"Ufagio wa nini tena?"

"Wape. Asiyefagia nywele haandiki neno."

Wakafagia wiki mbili. Yule tuliyembandika jina la Miwani alifagia mpaka akajua nani anakuja kunyolewa na nani anamkimbia mkewe tu. Ndipo ukamrudishia kalamu. Ukurasa wa kushoto, ulimwambia, andika ulichokiona. Wa kulia uache wazi, kisha umsomee kinyozi mwenyewe, akusahihishe. Mlikuwa sebuleni kwako, nami napiga deki, nikasikia yote. Shule niliishia darasa la saba, lakini masikio hayakuishia hapo.

Ulikuwa mpole. Chai uliiacha ipoe kwa sababu mtu alikuwa hajamaliza kukusimulia jambo lake. Hukumkatiza mtu, hata mtoto.

Lakini tuseme ukweli mbele za watu, Mjomba: tulikushuku. Mtu kakaa nyumba moja miaka ishirini, halafu anamuuliza mkewe, "Kwa nini kikombe hiki ni cha wageni peke yao?"

Mkeo alikutazama. "Mwalimu, una homa?"

Ukacheka, ukaingia chumbani, ukarudishia mlango. Mkeo akaninong'oneza, "Anatuandika huyu. Sisi ni nyumba yake au ni somo lake?" Tangu siku hiyo tukawa tunapima maneno ukiwepo. Umezikwa swali hilo halijapata jibu.

Mwezi mmoja baada ya mazishi Miwani alibisha hodi. "Shikamoo, mama. Mwalimu aliacha daftari la kahawia. Chuo kinaliomba."

"Marahaba. Hatuna daftari." Mkeo alijaa mlangoni, hakumkaribisha hata kiti. Kijana amerudi mara nne. Kila akiondoka tunatazamana: humo ndani katuandikaje?

Wiki iliyopita mkeo alilitoa, akalipangusa unga, akanipa nisome kwa sauti. Mama yangu, dada yako, alikuwepo, kafumbata mikono.

Ukurasa wa kwanza: "Asubuhi. Mke wangu amefunga kabati kwa kishindo. Ana hasira nami."

"Hasira gani!" Mkeo alisimama. "Bawaba imelegea! Miaka mitatu namwambia alete fundi!"

Nikafunua. "Dada yangu akija hukaa kiti cha mlangoni. Nadhani hapapendi hapa."

Mama akashusha mikono. "Mgongo wangu jamani. Kile ndicho kiti kigumu pekee humu."

Ulikosea, Mjomba, wewe uliyewafundisha wenzako. Lakini kila ukurasa wa kulia ulikuwa mtupu, na juu yake umeandika: wasomewe, wasahihishe. Siku ya kutusomea hukuifikia.

Karibu na mwisho nikajikuta mimi. "Nikifundisha, binti wa dada anapiga deki mahali pamoja mara tatu. Ananitazama. Anaona kuliko wanafunzi wangu wote. Namshuku ana daftari lake. Nimwombe anisomee?"

Sikuwa nalo, Mjomba. Ungeuliza tu.

Sasa ninazijaza kurasa zako za kulia. Nimeandika bawaba. Nimeandika mgongo. Kuhusu kikombe, mkeo alisema niandike hivi: ulimnunulia wewe, mwaka wa kwanza wa ndoa, akakiita cha wageni ili sisi tusikivunje. Ulikuwa umesahau? Au ulijua, ukataka tu umsikie akisema mwenyewe? Hapo bado tunakushuku.

Miwani akirudi atakaribishwa ndani. Daftari atalipata tukishamaliza upande wetu. Ila ufagio uko nyuma ya mlango, aanze na huo.

Unakumbukwa na mkeo, ambaye kabati bado analifunga kwa kishindo. Dada yako, kwenye kiti chake cha mlangoni. Kinyozi wa ng'ambo na wanafunzi wako wote. Na mimi, binti wa dada yako, niliyeandika haya na kuwasomea wote kwanza.

Hutatoka mioyoni mwetu, Mjomba, wala machoni mwetu.