Mkono wa Kulia wa Kochi Einar

Pipeline, Nairobi

Mamangu mpenzi,

Shikamoo. Natumai barua hii itakukuta umekaa, magoti hayakusumbui, na baba amepona kile kikohozi. Mimi ni mzima ila bega, na bega ndilo lililonikalisha kuandika. Ningepiga simu, lakini kwenye simu utanikatiza kabla sijafika katikati, kisha baba atakupokonya aulize kama kazi nimepata. Basi nijibu kabisa: sikupata, mama. Soma kwanza, halafu ukasirike ukitaka.

Unajua nilivyoingojea siku ile ya majaribio. Hapa mchezaji wa handiboli halipwi kwa kucheza. Idara kubwa za serikali zina timu zao, na ukichaguliwa unaajiriwa kazi ya kudumu, unapewa nyumba, ukiugua unatibiwa. Mimi na kibarua changu cha kiwanda cha plastiki, kila asubuhi kusimama langoni kuchaguliwa kama nyanya, niliiona hiyo kazi ndiyo mlango wangu. Na watu walisema Eastlands nzima hakuna msichana anayerusha mpira kwa nguvu kama Mwanaisha wako.

Kochi wetu ni mzungu wa Iceland, kisiwa cha baridi huko juu kabisa ya dunia. Jina lake Einar. Mkewe ana kazi ofisi moja mjini, naye hutufunza bure kwenye uwanja wa shule karibu na Mukuru kwa Reuben. Kwao mtu huitwa kwa jina la babake, kama mimi nilivyo binti Omari, na hilo lilinifurahisha. Lakini jingine lilinikera tangu siku ya kwanza: kila kitu ananipa kwa mkono wa kushoto. Maji, kushoto. Chai, kushoto. Hata kusalimia, kushoto, ule wa kulia umekaa mfukoni kama wa bwana mkubwa. Wallahi, mama, kwa ulivyotulea wewe, niliona ananitukana. Wanjiru, kipa wetu ambaye nakaa naye chumba kimoja, alikuwa akinicheka. "Wacha hizo, Mwana. Jamaa kazaliwa hivyo."

Siku chache kabla ya majaribio ya Jumamosi bega likaanza kuniwaka. Nikanyamaza. Wachezaji wote hunyamaza. Ukisema unaumwa, nafasi yako ina mtu. Nikawa nameza vidonge, Wanjiru ananichana nywele kwa sababu mkono haufiki kichwani, na uwanjani narusha kwa chini chini kana kwamba ni mtindo mpya. Nikadhani nimemdanganya kochi.

Alhamisi akasimamisha mazoezi. "Mwanaisha, keti. Jumamosi wewe hapana enda."

Mama, nilipandwa na hasira. Nikamwambia mbele ya wote kwamba mtu asiye na adabu hata ya kupeana kwa mkono wa kulia hawezi kuja kunikatia riziki yangu. Wanjiru akanivuta fulana. "Mwana, tulia." Sikutulia.

Einar aliushika mkono wake wa kulia kwa ule wa kushoto, akauinua mpaka usawa wa bega, kisha akauachilia. Ukaanguka. Akafanya tena, ukaanguka tena.

Ndipo akatuambia, kwa Kiswahili chake cha kuokoteza na Kiingereza katikati. Alikulia mji wa wavuvi. Mchana kiwanda cha samaki, jioni handiboli, maana kule huo mchezo ndio fahari yao. Akachezea timu ya nchi, watu wakamwimba. Akachukuliwa na klabu ya Ujerumani. Bega likaanza, akanyamaza. Wakawa wanamdunga sindano ya ganzi kabla ya mechi, anafunga mabao, watu wanapiga makofi, hadi siku mshipa ulipokatika akiwa hewani. Alipasuliwa, akapasuliwa tena. Akarudi kwao angali kijana, mkono hana, kazi hana, akaanza kufunza watoto kwa sababu hakujua kitu kingine. "Binti yangu amezaliwa," akasema, "mimi siwezi kumrusha juu." Halafu akasema polepole, "Kochi wangu alijua. Daktari alijua. Hakuna mtu aliniambia keti."

Mwenye kovu usidhani amepoa. Nilimwomba radhi, na niliona aibu ambayo sijawahi kuiona. Akatikisa kichwa tu. Akasema yeye si babangu, hawezi kunifungia mlango. Jumamosi nikitaka, niende.

Nikaenda. Usishangae, riziki haiachwi hivi hivi. Nikavaa, nikapanga foleni nyuma ya Wanjiru. Walipoita jina langu nikainua mkono kuitikia, ukafika kidevuni ukagoma. Mkono wa kuitikia jina tu, mama. Nikasema mimi mgonjwa, nikatoka kwenye foleni.

Wanjiru walimchukua. Nilimkumbatia kwa mkono mmoja, nikamfurahia kweli, kisha nikaenda nyuma ya vyoo nikalia. Wivu si mzuri lakini ulikuwapo. Anahama mwisho wa mwezi. Juzi alipitia Kiamaiko, soko la mbuzi, akaniletea mifupa ya mbuzi, akanipikia supu, ati bega linataka supu.

Daktari anasema mshipa haujakatika. Nikipumzika miezi kadhaa utapona. Ningerusha siku ile, pengine ungekatika. Kiwandani wamenipa kazi ya kubandika lebo, na jioni Einar ameniachia wasichana wadogo wa Mukuru niwafunze kwa mdomo. Nawakaripia kama unavyotukaripia wewe, nao wanacheka tu. Sijui kama majaribio yatarudi. Kuna wanaoniambia ningejaribu, labda ningebahatika, na kuna asubuhi nawaamini.

Nisalimie baba, umpe pole yangu. Msalimie bibi, aniombee dua. Na shangazi Mwanakombo muuza maandazi, ambaye najua ameshatangaza mtaa mzima kuwa nimeajiriwa, mwambie apunguze sauti.

Ukimaliza kusoma, nipigie. Usianze na kazi, mama. Anza na mkono.

Ni mimi binti yako asiyesikia, ambaye safari hii amesikia,

Mwanaisha