Viti Vya Sebuleni

Jumamosi, 14 Agosti 1993

Nimewafukuza kina mama waliokuja kunisaidia kulia.

Asubuhi nilitoa viti vyote vya sebuleni, nikavipanga uani, nikapiga magoti kuipiga msasa sakafu ya mbao. Mke wangu, Mama Neema, ameilalamikia miaka yote kwamba vibanzi vinamchoma miguu. Nilitaka akitoka hospitali aikute laini. Soko huria limejaza vanishi za ng'ambo hapa Bulyaga, lakini wodini kwake dawa hakuna. Nimeshaandika barua tatu magazetini. Nitaandika ya nne.

Sikukumbuka kwamba mtaani kwetu viti vikitolewa nje, ni msiba. Saa nne nikasikia kilio njiani. Jirani yangu Mama Tusekile alitangulia na kuni kichwani, wenzake nyuma na mikungu ya ndizi.

"Hakuna aliyekufa!" nikafoka mlangoni. "Mnazika watu hai?"

"Usitufokee, mwalimu. Mgonjwa yuko hospitali, viti viko nje. Ulitaka tudhani una harusi?"

Nikawaambia wachukue vitu vyao waende. Ndizi walibeba. Kuni, Mama Tusekile alizipanga ukutani bila kunitazama.

"Hizi ziache tu, mwalimu."

Jioni nilikwenda wodini kumweleza Mama Neema habari ya sakafu. Hakunitambua. Aliniuliza mume wake atakuja saa ngapi.

Niliporudi manyunyu yalikuwa yameanza. Nikaingiza kuni kwanza, ndipo viti.