Tarehe Niliyoirudisha Nyuma

Mshauri mpendwa, nakuomba unisome hadi mwisho kabla hujanihukumu, maana mwenzio nimeshajihukumu. Mimi ni mwandishi wa programu katika kituo cha kupokea simu za magari ya wagonjwa, mfumo wa kutafuta gari lililo karibu niliuandika mimi, nao hauwezi kupima umbali mpaka hifadhidata iwekewe kiongezi cha ramani, programu ndogo ya nyongeza, na juu yake ijengwe faharasa ili jibu lije upesi. Vitu hivyo huandikwa kwenye migresheni, yaani faili zenye tarehe zinazoielekeza seva yoyote mpya ijengwe vipi, lakini miaka miwili iliyopita nilikuwa na haraka, nikaviweka vyote viwili kwa mkono, nikasema faili nitaandika kesho, na kesho hiyo haikufika.

Mwezi uliopita yule tunayemwita Mzee wa Seva, aliyenifundisha kazi hii tangu sijui kitu, alituhamishia kwenye seva mpya, akaendesha migresheni zote, zikapita, kumbe kiongezi hakimo, na programu yangu ikishindwa kupima umbali hailalamiki, inachukua tu gari la kwanza kwenye orodha. Asubuhi moja fundi cherehani alibanwa na pumu, likatumwa gari kutoka upande wa pili wa mji, huku jingine limeegeshwa mitaa miwili kutoka kwake, dereva anafuta kioo. Alifia mlangoni. Mumewe alikuja ofisini na futi ya mkewe shingoni, akauliza tu, "Gari lilikuwa wapi?"

Nikaogopa, nikaandika migresheni iliyokosekana na kuipa tarehe ya miaka miwili nyuma, ionekane Mzee ndiye aliyeiruka. Amesimamishwa, Alhamisi kamati ya nidhamu inamfukuza, na jana kanipigia: "Binti yangu, labda nazeeka. Naapa niliendesha zote. Hivi hiyo faili niliirukaje?" Nikamwambia, "Pole, mzee wangu." Nifanye nini, na nina mama ananitegemea?

JIBU

Binti, nimetafuta pole ya kukupa, nimeikuta moja tu, nayo nimempa yule mgane.

Haraka ningekusamehe. Na wakubwa wenu, wanaohamisha seva inayobeba roho za watu bila kupiga simu hata moja ya majaribio, nao wana lao. Lakini tarehe ile hukuiandika kwa haraka. Ulikaa kitini, ukahesabu miaka, ukaipiga tarakimu moja moja. Programu yako hushindwa, hunyamaza, kisha humtuma asiyehusika. Imejifunza kwa nani?

Mama yako mwache nje ya hili. Mzee anapoteza zaidi ya kazi: ameanza kutoiamini akili yake mwenyewe, na wewe ulikuwa upande wa pili wa simu ukimsikiliza.

Usifute kitu. Kumbukumbu ya mabadiliko ya programu inaonyesha siku faili ilipoingia kweli; ichapishe. Ipeleke leo, usingoje Alhamisi, mkononi mwa mwenyekiti wa kamati, pamoja na barua yenye jina na sahihi yako. Mfumo urekebishwe upige kelele ukishindwa. Ukitoka hapo nenda kwa Mzee kabla hajasikia kwa mwingine; akikufungia mlango, ni mlango wake. Kazi utaipoteza, huenda na mahakamani ukafika. Tafuta wakili, ila si wa kukufundisha kudanganya vizuri zaidi.

Halafu kuna yule mume. Aliuliza gari lilikuwa wapi, na mpaka leo anayejua kwa nini lile la karibu halikutumwa ni wewe peke yako. Nenda ukamjibu.