Herufi H kwa Mkono Mmoja

Jumatatu, 3 Machi
Nisamehe, daftari langu. Miezi minne kimya! Tangu mtoto azaliwe kalamu naishika kliniki tu. Leo nimeanza kazi ya maktaba nikiwa nyumbani – majaribio ya wiki moja. Mkuu wa maktaba anataka kadi mia mbili za vitabu ziwe zimeingia kwenye ukurasa wetu wa mtandaoni ifikapo Ijumaa. Nikishindwa, narudi ofisini. Na huyu bibie mchanga, chupa hataki hata kuiona.

Mkono wa kulia mtoto, wa kushoto kazi. Ofisini nabonyeza Alt na H, kadi inahifadhiwa, kipanya sikigusi. Kwenye kompyuta niliyoazima kwa kaka yangu nikibonyeza hivyo, inafunguka menyu ya msaada! Msaada ninaoutaka mimi ni mtu wa kunibebea mtoto!

Jumanne, 4 Machi
Nimempigia Miwani, fundi aliyetengeneza ukurasa. Kacheka. Eti kila kivinjari, ile programu ya kufungulia mtandao, kina desturi yake: cha ofisini kinataka Alt tu, cha kaka kinataka Alt na Shifti pamoja. Vidole vitatu vya mkono mmoja!

Mama mkwe kachungulia. Mwanangu, hiyo kazi au unapiga kinanda? Nikamwambia vyote, mama. Kadi themanini na tisa!

Jumatano, 5 Machi
Mtoto kacheka kwa sauti, mara ya kwanza! Nilipiga chafya tu. Nimepiga nyingine za uongo mpaka koo linauma.

Alhamisi, 6 Machi
Balaa. Nimefungua orodha – kadi za jana na leo hamna hata moja! Kumbe juzi jioni Miwani kaongeza kitufe cha Hakiki, naye kakipa H ileile ya Hifadhi. Kivinjari cha kaka kikikuta H mbili hakibonyezi kitu. Kinaruka tu toka kitufe hiki kwenda kile. Mimi huyo, nabonyeza M nianze kadi mpya – ya nyuma imepotea.

Nilimpigia Miwani, nikamwambia bila kupandisha sauti: kosa lako, rekebisha sasa hivi, na mkuu umweleze mwenyewe. Haki dada, nisamehe, akasema. Hakiki kaihamishia K. Baba mtoto karudi kutoka kazini, hata viatu hajavua, kaanza kunisomea kadi. Anasoma majina ya waandishi kama mtangazaji wa mpira! Tumecheka mpaka mbavu zinauma.

Ijumaa, 7 Machi
Mia mbili na tatu! Adhuhuri bado! Nimeruka na mtoto mpaka kanicheulia begani.

Mkuu kapiga simu. Kafurahi, niendelee nyumbani "kwa sasa", nimwandikie nitumiwe nini. Kwa sasa! Naandika hapa kwanza, mtoto yuko titini:

– boksi la pili la kadi, lote
– kivinjari cha ofisini kwenye flashi, vidole vipumzike
– orodha ya herufi za vitufe vyote, maandishi makubwa, ya kubandika ukutani
– barua ya ruhusa. Yenye sahihi na mhuri. Iseme mpaka mtoto afikishe mwaka. Neno "kwa sasa" lisiwemo